Sauti Kwanza

Hatungimana wa Kasulu alikuwa fundi redio kabla hajawa fundi wa video, na balaa lote lilianzia hapo. Fundi redio anajua kitu kimoja: sauti. Kwa hiyo hata Mzee Haidari, mwenye duka la vitambaa, alipoleta televisheni na deki na kufungua banda la video nyuma ya duka, Hatungimana aliunganisha kwa mazoea yake. Waya nyekundu na nyeupe, za sauti, ndizo alizochomeka mwanzo. Spika kubwa ikishanguruma ndipo anapapasa tundu la ile ya njano, ya picha. "Sauti kwanza," alikuwa akisema, na watu hukaa gizani wakisikiliza televisheni isiyo na sura, wakimtania mpaka wachoke.

Mwaka huo, tisini na sita, mdogo wake Nkunzimana alivuka mpaka kupitia Munanila akitokea Burundi, panga mkononi. Usiniulize yote aliyoyaona. Waliovamia kwake alfajiri walianza kwa kuchoma paa, wakampiga risasi kila aliyetokea mlangoni. Yeye alitokea ukutani, kwa kubomoa matofali. Mkewe na wanawe hawakutoka. Tangu hapo hakuachana na panga lile. Alilala nalo, alikula nalo likiwa mapajani, na majirani wa Heru Juu, alikokaa kwa kaka yake, wakaanza kunong'ona kwamba huyu ipo siku ataua mtu. Balozi wa nyumba kumi akamwambia Hatungimana waziwazi: mdogo wako akae na watu kama mtu, la sivyo arudi alikotoka. Na kurudi alikotoka ilikuwa ni kwenda kufa.

Basi Jumapili moja mchana Hatungimana akambembeleza. "Mdogo wangu, twende ukatazame harusi. Mpwa wa Mzee Haidari ameoa Ujiji, wameirekodi yote. Ngoma, pilau, hakuna kingine."

"Ndani kuna giza?"

"Giza la turubai tu. Na panga unaliacha mlangoni."

Nkunzimana akainuka. Mlangoni pa banda alimkabidhi panga Immakulata, mke wa kaka yake, aliyekuwa akiuza maandazi hapo. "Nishikie, shemeji," alisema. Immakulata akalisukuma chini ya meza, akageuka pembeni asionekane anavyolia kwa furaha.

Kumbe kabla hawajafika, vijana walishamjia juu Mzee Haidari. Yaani wamekuja kutazama shela na mabibi wanaopiga vigelegele? Hawataki! Mzee wa watu akaitoa harusi, akatia kanda ya vita, akatoka nje kuwasha jenereta. Fundi hakuambiwa neno. Aliinama nyuma ya televisheni, akasikia jenereta inakohoa inashika, na ili mdogo wake asiogope akamwambia kwa Kirundi, lugha ya kwao: "Umuriro uraje!"

Umeme unakuja, ndicho alichomaanisha. Watu wa mjini wa kwao husema hivyo. Lakini Nkunzimana ni mtu wa mlimani, hajawahi kukaa penye umeme hata siku moja. Kwake umuriro ni moto, na kaka yake amemwambia moto unakuja.

Na fundi, sauti kwanza.

Lo! Risasi mfululizo, mabomu, watu wanalia, na kioo cheusi tii. Mabenchi yakapinduka. Waliowahi kukimbia vita hawakuwa wachache mle. Walipanda juu ya wenzao, wakachana turubai kwa meno. Mwanamke mmoja alikanyagwa kifua mpaka akatema damu. Nkunzimana alikuwa wa kwanza kufika nje. Akapindua meza, maandazi yakamwagika, akalidaka panga. Hapo angeweza kukimbia, kama wenzake wote walivyokimbia. Yeye alirudi ndani, akiwasukuma waliokuwa wakitoka, huku akipiga kelele: "Kaka! Tokea ukutani! Ukutani!"

Alikwenda moja kwa moja penye milio. Akaipiga spika panga, akaipiga tena, mbao zikaruka. Pigo lililofuata lilikutana na mkono wa Hatungimana, aliyekuwa ameunyoosha nyuma ya spika kuchomoa waya. Milio ikakoma. Vidole vilibaki pale chini, pamoja na waya.

Nje vijana walishaokota mawe. "Muuaji! Kamkata kaka yake!" Jiwe la kwanza lilimpasua Nkunzimana paji la uso, na wala hakujikinga, panga lilishamtoka, akawa anaitazama mikono yake tu. La pili lilimpata Hatungimana, maana alishamkumbatia, shati lote damu. Akafoka kwa hasira ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"Alirudi kunitoa! Nyinyi mliokimbia, nani alirudi? Semeni, nani?"

Mawe yakaanza kuwadondoka mikononi, moja hapa, jingine pale.

Mkono ule wa Hatungimana haukushika waya tena. Banda lilipofunguliwa upya, aliyeinama nyuma ya televisheni alikuwa Nkunzimana, kaka yake akimwelekeza kwa mdomo. Njano kwanza. Picha ikishatulia, Nkunzimana husimama mbele ya watu, kovu kwenye paji, akawaonyesha waya za sauti.

"Ntimutinye," huwaambia. Msiogope. "Risasi zitakazolia ni za uongo."

Kisha humgeukia kaka yake, na hachomeki mpaka amsikie akisema, "Nipo, mdogo wangu."