Televisheni ya Mama Mkwe

Msomaji wangu, keti kwanza nikueleze. Televisheni nzito aliyotuachia mama mkwe ilipokataa kuwaka, nilimpigia simu kijijini kwake Irumu, nikamfafanulia kwa upole kwamba kununua mpya ni afadhali kuliko kutengeneza.

"Papa Neema, mutengeneze tu," alisema. "Musiitoe."

Nilimfafanulia tena. Kesho yake nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu, akaenda nayo mbali, huko kijiji cha Bule.

Jumapili mama mkwe alifika kwetu, mtaa wa Saio. Akaitazama mpya ukutani, akakaa polepole.

"Wakati wa kukimbia vita, ndani ya ile televisheni ya zamani nilificha makaratasi ya parsele, hiki kiwanja munaishi. Mambo ingine haisemwi ku telefone, Papa Neema."

Nilitoka mbio kwenda kumtafuta yule mnunuzi.

Kabla ya kutoa kitu cha mzazi, kifungue uangalie ndani.