Nilimkataza binti yangu dagaa nikidhani ni aleji, kumbe ni kichocho

Wakuu, habari za majukumu. Niko Bariadi mjini. Haya yametokea nyumbani kwangu, sijaongeza chumvi, na aibu naibeba mwenyewe.

Binti yangu Kabula, miaka saba, likizo alienda kwa bibi yake kule Lamadi. Mama mkwe anauza dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hivyo mtoto alirudi na mfuko wa dagaa, tukawa tunakula.

Wiki chache baadaye mtoto akaanza kutoka mapele, anajikuna mpaka damu. Mara kikohozi, mara homa.

Mimi kwa ujuaji wangu nikasema aleji ya dagaa hiyo. Nikapiga marufuku dagaa. Hali ileile, nikaongeza mayai, halafu maziwa. Yaani Msukuma mzima nakataza maziwa nyumbani kwangu!

Piritoni alimeza mpaka akazichoka. Zinatuliza muwasho kidogo, unarudi.

Mke wangu akampigia mama yake asitume tena dagaa. Bibi wa watu akauliza, "Kwa hiyo nimemlisha mjukuu wangu sumu?" Nilisikia, na bado marufuku sikuiondoa.

Mtoto akakonda, sketi ya shule ikawa inashikiliwa na pini. Hapo niliogopa kweli.

Hospitali, daktari hakuanza na chakula. Aliuliza mtoto anaoga wapi. Nikajibu bombani. Kabula akadakia, "Kwa bibi tulikuwa tunaoga ziwani kila siku."

Damu ikaonyesha aina fulani ya chembe nyeupe imepanda sana. Daktari akasema hizo hupanda kwa aleji, na hupanda pia mwili ukipambana na minyoo, ndiyo maana dalili zinafanana. Kupima choo, mayai ya kichocho haya hapa, minyoo inayoingia kupitia ngozi mtu akioga ziwani.

Wakuu, nilishusha pumzi. Kumbe kina dawa! Akapewa vidonge kulingana na uzito wake, taratibu mapele yakaisha, homa ikakata.

Daktari akaruhusu dagaa. Siku hiyo nilimkagua ngozi mpaka akanikimbia. Hakutoka hata kipele.

Kwetu mama mkwe humpigii simu hovyo, ila nilipiga mwenyewe nikaomba radhi. Akauliza, "Baba Kabula, mtoto anakula?"

Nikamwambia anakula, tena anaongeza.

"Basi yameisha."

Wakuu, nililia.

Aleji zipo, sikatai. Ila mtoto aliyeoga ziwani mpimeni kwanza kabla ya kumnyima chakula. Kama kuna mzazi mwingine mjuaji humu, ajitokeze tuchekane. Na wenye kunisema, semeni tu, nastahili.