Nilivyompa Athieno Mimba kwa Kiingereza

Hata leo nikipita njia ya Kiyeyi navuta kofia hadi puani, maana kuna boma pale nililoliaibisha kwa neno moja, na msichana wa watu akalia.

Rafiki yangu Wandera, wa Busia, alikuwa anatupeleka kwa kina Athieno kumchumbia, na msemaji wetu akaamka hana sauti. Wote wakanitazama mimi. (Shule niliiacha mapema, lakini kila gazeti lililofungiwa chapati mimi hulisoma hata kama limelowa mafuta.) Ningeongea Kiswahili tu, ambacho wote pale tulikielewa, lakini nikamwona mjomba wa Athieno, mwalimu wa chuo huko Busitema, na miwani yake, nikasema moyoni, leo atanijua.

Nilitaka kusema Athieno amemngojea Wandera tangu mwaka jana. Kulikuwa na “waiting”, neno la kila mtu, lakini gazetini nilisoma kwamba wakulima wa Merikit wako “expecting” mvua, yaani wanaingojea, nikaona hilo ndilo neno lililovaa tai. Nikasimama, nikatangaza: “Athieno is expecting! Since last year!”

Mjomba akavua miwani. Nikadhani ni heshima.

“Expecting?” mjomba akauliza. “Mhusika ni nani?”

“Wandera, mzee! Nani mwingine?” Nikawaomba wenzangu wapige makofi, nao (hawakujua zaidi yangu) wakapiga.

Baba yake Athieno akainuka. “Mtoto yangu iko na mimba, na nyinyi napiga makofi?”

Shangazi alikuwa ameshamwinua Athieno kutoka mkekani, akamvuta mbele ya wageni wote hadi nyuma ya nyumba kumpapasa tumbo.

“Umeniua, bro,” Wandera akaninong'oneza.

Mjomba ndiye aliyetuokoa. Alinihoji kwa Kiswahili, polepole kama anayemhoji mtoto, kisha akawaeleza watu: neno hilo likifuatwa na kitu, mvua au mgeni, ni kutarajia, likiachwa peke yake, ni tumbo. Watu wakacheka. Athieno alirudi macho mekundu, hakunitazama. Nikampigia baba yake magoti.

“Wewe kula tu,” akasema. “Usiongea tena.”

Posa ilipokelewa, wakaoana. Kiingereza sasa nakisoma, sikisemi. Baadaye Wandera akanipigia simu: “Mke wangu ana mimba. Ya kweli. Tafadhali, usimwambie mtu, kwa lugha yoyote.”

Nilinyamaza hadi mtoto akatambaa.