Shavu la Mwanaidi

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu somo lao la biolojia: seli moja inanenepa, inanakili vinasaba vyake, inagawanyika kuwa mbili. Mbili zikawa nne. "Bibi, ndivyo tunavyokua," alisema. Mimi nikaliona shavu la mdogo wangu Mwanaidi.

Tulikuwa wasichana, tunang'oa karanga katika shamba la kijiji, kule Chanzuru. Udongo ulinukia mvua. Karanga zilikuwa za wote, na kabla ya mgao hakuna aliyeruhusiwa kutia hata punje mdomoni. Shavu la kushoto la Mwanaidi lilikuwa limejaa. Wanawake wakaanza kunong'ona, nami nikaona aibu ya nyumba nzima.

"Tema!"

"Sina kitu, dada."

Nilimbana kwa magoti, nikamfumbua mdomo, nikaingiza kidole. Nilitoka na jino. Lilikuja bila ubishi, kama shina la karanga kwenye udongo uliolowa. Harufu ya mdomo ule siisahau. Hakulia. Aliniuliza tu kama sasa naamini.

Sikuamini. Kila asubuhi shavu lilizidi, nami nikawa napekua mkeka wake nikitafuta alikoficha karanga.

Leo najua zilikuwa seli zake mwenyewe, zikigawanyika bila kujua kukoma. Mgao ulipofika tulikuwa tumeshamzika, lakini jina lake lilikuwa bado kwenye orodha. Mama alikaanga fungu lake, akaniwekea mimi sahanini.

Nilikula zote.