Fimbo Iliyomfaa Neldine

Fimbo ya kuvulia ya Arvella Stinnett ilipobanwa na mlango wa gari ikakatika vipande viwili, hakulia. Alikuja kulia siku chache baadaye dukani kwa Doyle, muuza vifaa vya uvuvi, mbele ya fimbo mpya zilizopangwa ukutani, na hata yeye mwenyewe hakutegemea.

Arvella alikuwa mshona mapazia hapo Guntersville, Alabama, mjane mrefu mwenye mikono iliyozoea vitambaa vizito. Tangu usichana wake alivua samaki wa ziwani waitwao besi pamoja na Neldine Cagle, karani wa posta, mwanamke mfupi mwenye makelele. Chambo cha minyoo hawakukitaka. Wao walivua kwa vyura wa mpira, wale unaowarusha juu ya magugu yaliyotandaa ziwani kama mkeka, ukawachezesha taratibu mpaka samaki apasue magugu kutoka chini kwa kishindo cha kukurusha roho. Arvella alisimama mbele ya boti, akirusha mbali. Neldine alikaa nyuma, akimpenyeza chura wake chini ya matawi yaliyoinamia maji. Majira ya baridi yaliyopita, mapafu ya Neldine yalimshinda, na bintiye akaja kumchukua, akampeleka Arizona kwenye hewa kavu.

"Bi Arvella, jaribu hii," Doyle alisema. "Ndefu, ngumu huku chini, ncha imelegea kidogo tu. Ncha ikikakamaa kama mpini wa ufagio, chura hachezi. Huku chini kukilegea, samaki anazama kwenye magugu, basi, kwaheri."

"Hayo nayajua tangu hujaota meno, Doyle."

"Sasa mbona umeing'ang'ania hiyo fupi?"

Kweli, alikuwa ameishika fupi. Alikuwa akiitikisa kwa kiganja, karibu na kiuno, kama alivyofanya Neldine ili ncha isipige maji. Machozi yakamtoka. Doyle akajifanya anatafuta kitu nyuma ya maboksi, na aliporudi Arvella alikuwa ameshalipia ile fupi, yuko mlangoni.

Asubuhi ya pili aliingia nayo ziwani. Kila akirusha, chura aliangukia karibu. Hatimaye besi mmoja mnene alimvamia yule chura, Arvella akavuta kwa nguvu zake zote, lakini fimbo haikufika juu vya kutosha. Samaki akajisokota ndani ya magugu, akaponyoka. Arvella akaketi, akampigia simu Neldine.

"Umenikosesha samaki," alisema.

"Mimi? Niko huku jangwani nakaushwa kama nyama, nimekukosesha vipi?"

Arvella akamweleza ile fimbo, urefu wake na mshikio wake.

"Hiyo si yako, Arvella. Hiyo ni saizi yangu."

"Najua."

"Sasa wewe mwanamke una nini?"

"Nilidhani mwakani, ukipata nafuu..."

"Sirudi, mwenzangu." Neldine alikohoa, akangoja pumzi imrudie. "Nikisema nitarudi nitakuwa nakudanganya. Huku napumua. Huko nilikuwa nazama nikiwa nchi kavu. Ila usidhani sikumbuki. Kila asubuhi naamka nasikia wale samaki wakipasua magugu, kumbe ni mlango wa jirani."

Arvella akailaza ile fimbo fupi sakafuni mwa boti.

"Kairudishe," Neldine alisema. "Nunua ya kimo chako. Na Doyle asikubambikie mshipi mwembamba, namjua yule."

Wakacheka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.

Doyle aliipokea ile fupi bila swali, akamtolea ndefu. Arvella akaipinda na kuipima mkononi, akajua ndiyo yenyewe.

Jumamosi alikuwa peke yake kwenye boti. Alirusha, chura akatua mbali kabisa, pale ambapo magugu yameshikana sana. Akamchezesha, akamtuliza, akamchezesha tena. Magugu yakalipuka. Arvella akasubiri mshipi ukazike, kisha akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, na fimbo ikamng'oa besi pamoja na furushi la majani, mpaka ubavuni mwa boti.

Alimnyanyua samaki kwa kumshika mdomo, akageuka nyuma kumwonyesha Neldine, pale alipozoea kukaa. Akabaki hivyo, samaki akichuruzika maji kwenye mkono wake, mpaka mkono ukachoka. Kisha akainama, akamwachia aende.