Mgeni wa Boti ya Kupimia Bahari

Usinitazame hivyo. Nilikuwamo mwenyewe ndani ya boti, mchana kweupe, wala sikuwa naota. Ilikuwa kabla ya uhuru, tukipima chini ya bahari mbele ya Kipevu ili meli kubwa zipate kupita.

Mzungu aliyesimamia kazi alikuwa na mashine yake. Ilipeleka milio majini kwa mpangilio, miwili mifupi na mmoja mrefu, ili ikirudi aijue ni yake, si kelele ya injini. Ikirudi na nguvu, chini ni mwamba; ikirudi dhaifu, ni tope. Kazi yangu mimi ilikuwa bildi, lile timazi la risasi. Nalipaka shahamu kitakoni, nalishusha kwa kamba, likipanda namwonyesha kilichonata. Palipotatiza, ndugu yangu mdogo, Badi, alizama akapapasa kwa mikono.

Siku hiyo nyuma ya boti alikaa mzee nadhifu, kanzu nyeupe. Mzungu alidhani ni mtu wetu. Sisi tulidhani ni wa mzungu. Mimi sikumpenda tangu mwanzo. Tulimpa salamu akatikisa kichwa tu. Nilitaka kumuuliza ni mtoto wa nani, Badi akanifinya.

"Kaka, usimvunjie mgeni heshima."

Basi tumefika mahali, milio ikarudi minne. Tumepeleka mitatu, inarudi minne, tena na tena. Mzungu akagonga mashine, akasema imeharibika.

Mzee akanena taratibu, "Hapo mchanga mtupu. Mteremsheni kijana akaone."

Mbona anamharakisha? Nikashusha bildi kwanza. Lilipopanda, wallahi, halikuleta mchanga wala tope. Shahamu ilikuwa na alama za vidole vitano, imefinywa kama donge la chapati. Nikageuka. Mzee alikuwa ameketi palepale, mkavu, na shahamu imemjaa kwenye kucha.

Badi alikwisha tia mguu mmoja majini. Nilimkumbatia kiunoni, nikamvuta kwa bismillahi, tukaanguka sote. Kuinua macho, mzee hayupo, na maji hayakutikisika. Mzungu aligeuza boti.

Badi yu hai, alhamdulillahi, ana wajukuu. Lakini mguu ule ni baridi hadi leo, hata jua la Likoni haliupashi. Mkewe huukanda kwa mafuta ya moto kila jioni, na kila jioni huniuliza yule alikuwa nani.

Wewe, akipanda mtu usiyemjua chomboni mwenu, muulize kwao kabla hamjaondoka. Akichukia, na achukie.