Mkate wa Baba, Mbuzi wa Bibi

Harufu ya hamira ndiyo iliyotuamsha. Baba alikuwa mwokaji mikate pale mtaani Buyenzi, na tanuri lake la matofali lilikuwa uani, hatua chache kutoka kitandani kwangu. Nilikuwa na miaka saba, na mkate wa kwanza kutoka motoni ulikuwa wangu. Kaka zangu wawili walikula mikate hiyo hiyo wakanenepa. Mimi nilikonda miguu, tumbo likawambika kama ngoma, nikawa mtu wa kushinda chooni. Mama alinipa dawa za minyoo, za amiba, na maji ya chumvi na sukari. Nchi ilikuwa vitani, na siku ambazo risasi zililia milimani, hata zahanati hatukufika. Niliwahi kumsikia Mama akimwambia Baba asinishonee nguo ya Idi kubwa ya kukulia, maana huenda nisikue.

Kisha nchi jirani zikatufungia mipaka, unga wa ngano ukaadimika, tanuri likapoa. Siku zile zile Bibi, mama yake Baba, alikimbia vita kutoka kijijini Kajaga akiswaga mbuzi watatu wa kienyeji, wote wa tumbo moja ila hawakufanana hata kidogo: mweusi aliyekuwa na maziwa, wa madoadoa mwenye miguu mifupi, na wa rangi ya udongo asiye na pembe. Tukala ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, nami nikapewa kikombe cha maziwa kila asubuhi. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nikikimbia. Nyumba nzima ikamshukuru mbuzi mweusi.

Unga wa ngano uliporudi, Baba alinipa mkate wa kwanza akitabasamu. Wiki ya pili tumbo likaanza tena, ingawa maziwa sikuyaacha. Mama aliketi uani akilia.

“Kwa nini huyu peke yake? Wenzake wanakula vilevile!”

Bibi alikuwa akiwatupia mbuzi majani ya viazi vitamu. Yule wa madoadoa alikuwa amemfunga kando.

“Angalia hawa,” akasema. “Mama yao mumoja, majani mamoja. Huyu akikula anavimba, wenzake apana. Mi namupa majani ya ndizi tu. We unamupa nini mutoto?”

Mama aliinua uso, akalitazama tanuri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Baba hakubishana. Alikitoa kipande cha mkate mkononi mwangu taratibu, macho yamemlowa. Tangu siku hiyo alinipikia vitumbua vya unga wa muhogo katika kikaango cha peke yangu, nami nikapona.

Siku hizi wafugaji wengi wanataka mbuzi wakubwa wanaofanana. Wale wa kina Bibi wanazidi kupungua. Mimi nilikuja kuelezwa na daktari kwamba yapo matumbo yasiyopatana na ngano, na kwamba hali hiyo hutembea katika ukoo. Hivyo binti yangu alipoanza kuvimba mwaka jana, nilimpeleka hospitali mchana kweupe, barabara ikiwa wazi. Alitolewa damu, na wiki haikuisha jibu likaja. Nilimpigia Mama simu.

“Wiki moja tu?” akauliza.

“Wiki moja, Mama.”

Kisha akauliza mtoto anafanya nini sasa. Nikamwambia anamaliza sahani ya pili ya ugali wa muhogo.